Kampuni ya watu 40 haina historia

Barua ya kuhuisha bima ya afya hufika ofisini wiki chache kabla ya mkataba kwisha, na kwa kampuni ndogo mara nyingi huwa na aya mbili tu. Ya kwanza inashukuru kwa ushirikiano. Ya pili inaeleza kwamba kutokana na mwenendo wa madai, ada ya mwaka ujao itapanda kwa asilimia 60. Mkurugenzi anaguna. Afisa rasilimali watu anampigia dalali, dalali anazungukia kampuni nyingine tatu, na mwezi unaofuata wafanyakazi wanagawiwa kadi za rangi nyingine zenye orodha fupi zaidi ya hospitali. Dar es Salaam na Nairobi mambo huenda hivyo kila mwaka, na karibu kila anayehusika huamini kuwa ile asilimia 60 imetokana na hesabu. Ni kweli imetokana na hesabu, ila hesabu yenyewe iliachwa nusu.

Ninachodai hapa ni kwamba soko letu linazipima kampuni ndogo kwa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya kampuni kubwa, kisha linaziadhibu kwa bahati mbaya kana kwamba ni tabia. Ili kuona hilo inabidi tuanze na namna hatari ya kikundi inavyopimwa pale kazi inapofanywa vizuri.

Yule mtu wa kampuni ya bima anayeamua kama kikundi kipokelewe na kwa bei gani, tumwite mpima hatari. Swali lake la kwanza halihusu ugonjwa. Anauliza hawa watu wamekusanyika kwa ajili ya nini. Mtu akija peke yake dirishani kuomba bima ya afya, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna kitu kimemsukuma, na mwili wake anaujua yeye kuliko fomu yoyote ya maswali. Wafanyakazi 300 wa kiwanda cha nguo ni habari nyingine. Hawakujikusanya ili watibiwe, walitafuta mshahara. Kuamka alfajiri, kugombania daladala na kusimama kwenye mashine kwa muda wa saa nane ni uchunguzi wa afya ambao kampuni ya bima haikuulipia hata senti. Vijana wanaingia, wazee wanastaafu, wastani wa umri unabaki palepale miaka nenda rudi. Ndiyo maana kikundi kikubwa hupokelewa bila mtu hata mmoja kuulizwa kuhusu sukari wala shinikizo la damu.

Mtanzania anayetaka mfano wa kinyume chake anao. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ilimruhusu mzazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule zao. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakikata kadi mtoto akiwa tayari anaumwa, kwa hiyo michango haikukaribia gharama. Watu walikasirika, nami naona walikuwa na haki, kwa sababu mtoto mgonjwa ambaye hajafikisha umri wa shule aliachwa mlangoni. Lakini kiufundi Mfuko ulikuwa ukifanya kitu ambacho kila mpima hatari angekifanya. Ulikuwa unatafuta kikundi kilichokuwepo kabla ya bima, na darasa la kwanza ni kikundi cha namna hiyo.

Swali la pili ni nani anayelipa na nani ana hiari. Mwajiri akilipa ada yote na kuwaingiza wafanyakazi wote, hakuna anayejichagua. Akilipa nusu na kusema anayetaka ajiunge, watakaojiandikisha siku ya kwanza ni mama mjamzito, mwenye pumu na mwenye mke anayesubiri upasuaji. Kijana wa miaka 24 ataona ni bora ile nusu ibaki kwenye mshahara wake. Hata watu waliosoma sana hufanya hivyo. Chuo Kikuu cha Harvard kilibadili utaratibu mwaka 1995 na kuanza kuchangia kiasi kilekile kwa kila mpango wa bima, ili mfanyakazi anayetaka mpango mnono alipie tofauti mwenyewe. Vijana na wenye afya walihamia mipango ya bei nafuu. Mpango mnono ukabaki na wazee na wagonjwa, bei yake ikapaa, wengine wakaukimbia tena, na ndani ya miaka mitatu ukafungwa. Mpima hatari akiona kwenye maombi kwamba ni nusu tu ya wafanyakazi waliojiandikisha, anajua yuko kwenye ngazi ya kwanza ya mteremko huohuo.

Kwetu hiari hii ina sura moja ambayo vitabu vya kigeni havina: wazazi. Mfanyakazi wa Dar au wa Nairobi, ukimuuliza anataka bima imsaidie nani, kabla ya kujitaja yeye atakutajia mama yake aliyeko kijijini. NHIF ya Tanzania ililitambua hilo. Mwanachama anaruhusiwa mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wanaweza kuwemo miongoni mwa hao wanne. Skimu nyingi za kampuni binafsi huwaacha wazazi nje, au huwaingiza kwa bei ya peke yake na kikomo cha umri. Si roho mbaya. Mwajiri huchagua mfanyakazi, lakini mfanyakazi ndiye anayechagua ni mzazi yupi wa kumwandika, na ataandika yule anayeumwa.

Baada ya hapo ndipo inapofunguliwa orodha ya watu: tarehe za kuzaliwa, jinsia, uhusiano na mfanyakazi, ukubwa wa familia. Wanawake wengi wa kati ya miaka 25 na 35 maana yake ni gharama za uzazi, na wanaume wa zaidi ya miaka 50 maana yake ni moyo na tezi dume. Familia zenye watoto wadogo zitaijaza kliniki ya wagonjwa wa nje kwa homa na vifua. Kikundi ambacho hakijawahi kuwa na bima huogopesha zaidi kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kila jino lililovumiliwa na kila henia iliyoahirishwa itapelekwa hospitali ndani ya miezi minne ya kwanza. Aina ya kazi nayo inahesabika, ingawa katika miji yetu naona inapewa uzito kuliko inavyostahili. Kinachopandisha bei kwa nguvu ni orodha ya hospitali. Ukiwapa watu walewale, wenye umri uleule, ruhusa ya kutibiwa kwenye hospitali kubwa za Upanga, Dar es Salaam, au Parklands, Nairobi, bila kuchangia chochote mlangoni, umeandika mkataba mwingine kabisa. Utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND uliofanyika Marekani kati ya 1974 na 1982 ulionyesha kwamba waliotakiwa kulipia sehemu kubwa ya gharama wenyewe walitumia takriban asilimia 30 pungufu ya waliopewa matibabu ya bure. Kwa hiyo anayelalamika kuhusu ada aanze kwa kuangalia ukurasa wa hospitali.

Yote hayo ni kazi ya kikundi kipya. Kikundi kinachohuisha mkataba kina kitu cha ziada, nacho ni madai yake ya mwaka uliopita, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tuchukue kampuni ya kubuni ya uwakala wa forodha pale Kurasini, yenye wafanyakazi 40 ambao pamoja na familia zao ni watu 130. Ada ni shilingi 500,000 kwa kichwa, jumla milioni 65. Kampuni ya bima imejipangia kwamba katika kila shilingi 100, zinazokwenda hospitali zisizidi 75, zinazobaki ziende kwa dalali, uendeshaji, bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima hujikatia yenyewe) na faida. Mwaka umekwisha, madai ni milioni 78. Hiyo ni asilimia 120 ya ada. Gawanya 120 kwa 75, unapata 1.6. Barua inaandikwa: ongezeko la asilimia 60.

Kosa la kwanza linaweza kuwa tayari limeingia kabla hata ya kugawanya. Hospitali hazipeleki ankara siku ileile. Nyingine hukaa nazo miezi miwili, na kampuni ya bima nayo huchukua muda kuzikagua. Bei ya mwaka ujao huandaliwa mkataba ukiwa mwezi wa tisa au wa kumi, kwa hiyo ankara zilizolipwa huenda ni za miezi saba tu. Mpima hatari makini hukadiria deni ambalo bado halijabisha hodi na kuliongeza. Asiye makini hugawanya kilicholipwa kwa ada ya miezi tisa, anapata uwiano mzuri wa uongo, anatoa bei ndogo, na mwaka unaofuata analipiza kwa kupandisha mara mbili. Mteja huona kigeugeu, na kweli ni kigeugeu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ndani ya ile milioni 78 kuna milioni 30 za familia moja: mapacha waliozaliwa njiti na kulazwa wiki nyingi kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Waondoe mapacha, madai yanabaki milioni 48, sawa na shilingi 369,000 kwa mtu. Bei ya jedwali, yaani ile ambayo kampuni ya bima ingemtarajia kutumia mtu wa kawaida wa umri na orodha hiyo ya hospitali, ni shilingi 375,000. Kikundi hiki ni cha kawaida kabisa. Kilichowapata ni uzazi mmoja mgumu, ambao hauna sababu ya kujirudia mwakani pale Kurasini kuliko Kariakoo.

Hili watakwimu bima, yaani wataalamu wa hesabu za hatari, wamelifanyia kazi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1914 Mmarekani Albert Mowbray, aliyeshughulika na bima ya fidia kwa wafanyakazi, aliuliza kikundi kinapaswa kuwa kikubwa kiasi gani ndipo uzoefu wake wenyewe, yaani historia ya madai yake, utoshe kukipangia bei. Jibu lililokuja kuzoeleka ni hili: ukitaka idadi ya madai isipotoke kwa zaidi ya asilimia 5 kutoka kwenye wastani wa kweli, kwa uhakika wa asilimia 90, unahitaji madai 1,082. Hapo tunazungumzia idadi peke yake. Madai ya afya hayalingani ukubwa hata kidogo, malaria na mapacha njiti wamo kwenye orodha moja. Kama mtawanyiko wa gharama ni mara tatu ya wastani wake, na katika afya hilo si ajabu, hitaji linapanda mara kumi na kufika 10,820.

Kampuni yetu ya Kurasini ilikuwa na watu 130 waliokwenda hospitali mara nne hivi kila mmoja, tuseme madai 520. Gawanya kwa 10,820, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.22. Tafsiri yake ni kwamba uzoefu wao wenyewe unastahili uzito wa asilimia 22 na jedwali la jumla asilimia 78. Asilimia 22 ya shilingi 600,000 walizotumia kwa kichwa ni 132,000. Asilimia 78 ya 375,000 ni 292,500. Jumla ni 424,500, na ukiigawanya kwa 0.75 unapata ada ya 566,000. Ongezeko ni asilimia 13. Weka juu yake kupanda kwa gharama za tiba, tuchukulie asilimia 10, unakaribia 623,000. Robo zaidi ya mwaka jana. Inauma, lakini hakuna atakayefuta bima kwa ajili yake, na haifanani kabisa na asilimia 60 ya kwenye barua.

Mtetezi wa kampuni za bima atanikatisha hapa, na ana hoja. Badilisha kisa. Milioni 30 zile si za mapacha, ni za mhasibu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zimeshindwa. Dai hili halikuisha na mwaka. Litarudi Januari, litarudi Februari, na kila mtu kwenye kampuni ya bima analijua. Kuliambia jedwali la jumla lilipuuze ni kujidanganya. Mpima hatari mzuri ndiyo maana hatazami jumla tu, anauliza kila dai kubwa limekwisha au linaendelea. Mapacha wanatolewa kwenye hesabu, figo inabaki.

Sasa shilingi milioni 30 ukizigawa kwa watu 130 ni karibu 231,000 kwa kila mmoja, juu ya ada yao. Mwenye kampuni hahitaji ripoti ya daktari kujua ni nani. Katika ofisi ya watu 40 kila mtu anajua mhasibu anaondoka mapema siku gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zinazitambua taarifa za afya kuwa nyeti, ila hakuna sheria inayoweza kuficha ugonjwa ambao umegeuzwa kuwa bei kwenye barua ya mkurugenzi. Kishawishi cha kumtafutia mhasibu sababu ya kuondoka kinaandikwa humohumo, kwa tarakimu. Kikundi kilichopangiwa bei kwa mgonjwa wake mmoja kimerudi kuwa mtu mmoja dirishani.

Milioni 30 hizohizo zikigawanywa kwa watu 5,000 ni shilingi 6,000 kwa kichwa.

Kwa hiyo sidhani kama suluhisho ni kuwaomba wapima hatari wawe na huruma. Kampuni ndogo, tuseme zenye wafanyakazi wasiozidi 50, zisiwe na bei ya uzoefu wake kabisa. Ziwekwe kwenye kapu moja ndani ya kila kampuni ya bima, zipangiwe bei kwa umri, ukubwa wa familia, eneo na kitita cha mafao, na uzoefu wa kapu zima ndio upandishe au ushushe ada ya wote. Marekani, ambayo si nchi ya kusifiwa kwa bima ya afya, ilifika hapo kwa sheria yake ya 2010: kwa waajiri wadogo hali ya afya hairuhusiwi kugusa bei, na mzee hawezi kutozwa zaidi ya mara tatu ya kijana. Kabla ya hapo, mwaka 1996, ilikuwa imekwisha kuzuia mtu mmoja ndani ya kikundi kutozwa zaidi ya wenzake kwa sababu ya ugonjwa wake.

Kampuni za bima zitajibu kwamba kampuni moja ikiweka kapu peke yake, itabaki na wagonjwa wakati washindani wanachota wenye afya kwa bei ndogo. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa soko. Washindani hawa tunawajua. Nchini Kenya bima ya afya na ya magari ndizo zinazoongoza kwa ada katika bima zisizo za maisha, na vita vya bei kwenye zabuni za afya ni vikali kiasi kwamba kikundi hupewa bei ya kukinunua mwaka wa kwanza kwa matumaini ya kukikamua mwaka wa pili. Aprili 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya nchi hiyo iliiweka Resolution Insurance, iliyojulikana zaidi kwa bima ya afya, chini ya msimamizi wa kisheria. Sisemi kwamba bei za zabuni pekee ndizo zilizoifikisha pale. Nasema wanachama waliokuwa na kadi zake ndio waliogundua mapokezi kwamba hazifanyi kazi.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo mamlaka za Kenya na Tanzania zingeweza kuliamuru hata kabla ya kapu, nalo ni ripoti ya madai. Leo mwajiri anayetaka kuhama huomba ripoti kutoka kwa kampuni yake ya bima na kupewa namba moja, uwiano wa asilimia, wiki moja kabla ya mkataba kwisha. Mpima hatari wa kampuni nyingine akiona namba hiyo tupu hana njia ya kujua kama ndani yake kuna mapacha au figo, basi anatoza kana kwamba ni figo. Ada ya kutojua ndiyo ghali kuliko zote, na huilipa zaidi mdogo. Ripoti inayofaa ina idadi ya wanachama kila mwezi, madai kwa mwezi wa matibabu na si kwa mwezi wa malipo, matibabu ya nje yakitengwa na ya kulazwa, uzazi peke yake, na madai makubwa yakiorodheshwa bila majina, kila moja likionyesha kama limekwisha au linaendelea. Takwimu zote hizo zimo kwenye kompyuta za kampuni ya bima. Zikitakiwa kutolewa siku 90 kabla ya mkataba kwisha, kwa fomu moja kwa soko zima, hakuna atakayepata kazi mpya isipokuwa printa.

Kapu lenyewe ni gumu zaidi, na ugumu wake hauko kwa kampuni za bima tu. Wamarekani walipoweka kapu la waajiri wadogo, wenye wafanyakazi vijana walianza kulikwepa kupitia mipango ambayo mwajiri hujibebea hatari mwenyewe na kununua kinga ya madai makubwa tu. Kwetu mlango huo uko wazi tayari: skimu za mfuko, ambamo mwajiri huweka fedha zake na kampuni ya bima hulipa hospitali kwa niaba yake kwa ada ya uendeshaji. Kwa benki yenye watu 2,000 ni utaratibu mzuri. Kampuni ya teknolojia yenye vijana 35 wasio na watoto nayo itauona mzuri, itatoka kwenye kapu, na wa kwanza atakapopata saratani itaomba kurudi. Kanuni yoyote ya kapu italazimika kusema tangu mwanzo kwamba mwenye watu chini ya 50 haruhusiwi kutoka kupitia mlango huo, na mawakili wa kampuni za teknolojia watakuwa wa kwanza kwenda kuipinga.